Bei ya Kila Mtu: Kupanda na Kuanguka kwa Polycrates wa Samos

Hotuba niliyoitoa katika jioni ya historia, mbele ya wazee, walimu na wanafunzi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mlioacha vibaraza vyenu mkaja hapa, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita ambao najua mmeletwa kwa lazima: asanteni. Mvua imetupunguzia watu. Naona safu tatu za nyuma ni viti vitupu. Msivitoe. Mwishoni nitavihitaji.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze juu ya watawala wa mabavu nilikubali papo hapo. Jioni ile ile akanipigia simu tena, sauti ameishusha, akaniomba nisimtaje mtu aliye hai. Nikamwambia: mzee, ondoa shaka, mtu wangu alikufa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita na hana ukoo wa kunishitaki. Jina lake Polycrates. Alitawala kisiwa cha Samos, upande wa mashariki wa bahari ya Wagiriki, karibu sana na nchi kavu ambayo leo ni Uturuki. Mlango wa bahari unaokitenganisha na bara, pale pembamba, hautimizi kilomita 2. Kumbukeni umbali huo. Ng'ambo ya pili palikuwa na dola ya Waajemi.

Karibu yote nitakayosema yametoka kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika baada ya mambo haya kupita kwa kiasi cha miaka 80 au 90. Herodotus alipenda hadithi nzuri kuliko alivyopenda tarehe, na mimi simlaumu. Pale anapohadithia kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiamini, nitawaambia.

Kwanza neno lenyewe. Wagiriki walimwita mtu wa aina hii *tyrannos*, na mwanzoni halikuwa tusi. Lilimtaja mtu aliyeushika utawala bila kuurithi na bila kupewa kwa sheria. Angeweza kuwa mwema, angeweza kuwa katili. Ukali wa neno ulikuja baadaye, na watu kama huyu walichangia.

Polycrates aliingiaje? Watu wanatarajia niseme kwa upanga. Upanga ulikuja, lakini ulitanguliwa na vikombe. Athenaeus, mwandishi wa zama za baadaye sana, amehifadhi habari ndogo ambayo wanahistoria wengi huipita mbio. Anasema kabla hajawa mtawala, Polycrates alitengenezesha matandiko ya thamani na vikombe vizuri vya kunywea, akawa anawaazima watu wenye harusi na karamu kubwa. Basi. Mistari miwili tu. Lakini ninyi mnaozijua harusi za mji huu, mnaojua mtu mwenye maturubai na masufuria makubwa anavyosalimiwa njiani, mtaielewa mistari hiyo upesi kuliko maprofesa wa Ulaya. Mtu anayekuazima vyombo siku ya harusi ya binti yako ameingia mpaka jikoni kwako. Ameona una nini na umepungukiwa nini. Amejua nani anajifanya tajiri na hana hata sahani za kutosha wageni 20.

Hapa nitaweka jambo langu la leo, ili baadaye msiseme mzee alikuwa anazungukazunguka. Vitabu vingi vinamkumbuka Polycrates kama mtu wa bahati. Mimi, baada ya kumfundisha kwa miaka mingi, namwona kama mtu aliyejua bei ya kila mtu. Hiyo ndiyo iliyompandisha.

Karibu mwaka 538 KK ilifika sikukuu ya Hera, mungu wa kike wa Samos. Watu waliandamana mpaka hekaluni wakiwa wamebeba silaha, kisha wakaziweka chini ili watoe sadaka. Hapo ndipo watu wa Polycrates na ndugu zake wawili, Pantagnotos na Syloson, walipowashukia. Wakati damu inamwagika hekaluni, Polycrates alikuwa ameshaishika ngome ya mji. Msaada wa askari ulikuja kutoka kwa Lygdamis, mtawala wa mabavu wa kisiwa cha Naxos. Watu hawa walisaidiana. Herodotus anasema alianza na watu 15 tu wenye silaha. Kumi na tano! Tukiwahesabu waliokaa safu ya mbele hapa, tunaikamata Samos na wawili wanabaki kulinda viatu.

Mwanzoni walikigawa kisiwa mafungu matatu, kila ndugu fungu lake. Haikudumu. Mmoja, Pantagnotos, akamuua. Mdogo, Syloson, akamfukuza. Huyu Syloson mwekeni pembeni, kama mnavyokiweka kiatu kimoja mkitumaini cha pili kitaonekana.

Kisha akajenga nguvu: merikebu 100 za makasia 50 kila moja, na wapiga mishale 1,000. Kwa vyombo hivyo akawa anapora baharini bila kubagua. Adui alimpora, rafiki alimpora. Alipoulizwa sababu ya kumpora rafiki, alijibu kwamba rafiki hukushukuru zaidi ukimrudishia ulichomnyang'anya kuliko kama usingemnyang'anya kabisa. Mnamsikia mwazima vyombo? Ni yule yule. Amebadilisha tu mtaji. Sasa anawaazima watu mali yao wenyewe.

Aliviteka visiwa vingi na miji ya bara. Watu wa kisiwa cha Lesbos walipokwenda kuwasaidia watu wa Mileto, aliwashinda baharini, akawafunga minyororo, wakachimba mtaro wote uliozunguka ukuta wa mji wa Samos. Kisiwa kidogo cha Rhenea alikiteka akakitoa wakfu kwa mungu Apollo wa Delos, na ili pasiwe na ubishi juu ya wakfu huo, akakifunga kwa mnyororo na kisiwa cha Delos. Kisiwa kwa kisiwa, mnyororo katikati. Habari hii ni ya Thucydides, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, ambaye hakuwa mtu wa masihara.

Na mji ulipendeza, lazima tuseme kweli. Mtawala wa mabavu mwenye akili hujenga. Mshairi Anacreon alikaa kwake, na Ibycus pia alitoka Italia akaja. Alileta mbwa wa Sparta na wa Molossia, mbuzi wa Naxos na Skyros, kondoo wa Mileto. Alikuwa na vitabu wakati ambao kuwa na vitabu kulikuwa kama kuwa na ndege yako leo. Daktari Democedes wa Croton, bingwa wa zama zile, alilipwa talanta 1 ya fedha kwa mwaka huko kisiwani Aegina. Mwaka uliofuata Athens wakampa mina 100, na talanta moja ni mina 60. Mwaka wa tatu Polycrates akampa talanta 2. Vijana mnaofuatilia usajili wa wachezaji, hesabu hiyo mnaijua. Timu yenye fedha haibishani bei.

Mmoja hakubaki. Inasemekana aliona utawala ule umezidi kuwa mzito kwa mtu huru, akahamia Croton huko Italia. Ni Pythagoras, huyu huyu wa pembetatu anayewatesa kidato cha pili. Leo mji wa kale wa Samos unaitwa Pythagoreio, kwa jina la aliyeondoka. Mji haukupewa jina la aliyejenga na kutawala. Mimi jambo hilo linanichekesha kila nikilikumbuka.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye maji. Mji ulikuwa na ukuta, lakini chemchemi nzuri ilikuwa upande wa pili wa mlima. Adui akiuzingira mji, atakata maji. Basi mhandisi mmoja, Eupalinos wa Megara, alitoboa mlima. Handaki lenye urefu wa mita 1,036, ndani ya mwamba, kwa nyundo na patasi, na alilianza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kundi moja linachimba kutoka kaskazini, jingine kutoka kusini, giza tupu, hawaonani, dira hakuna. Njiani kundi la kaskazini lilikuta mwamba mbovu likalazimika kukwepa, kisha likarudi kwenye mstari. Walipokaribia kukutana waliipinda njia makusudi, ili hata kama wamekosea kidogo njia zao zikatane tu. Zikakatana. Na kwa kuwa sakafu ya handaki ilikuwa karibu tambarare kabisa, na maji yanataka mteremko, walichimba mfereji mwingine ndani ya sakafu hiyo, unaozidi kushuka kadiri unavyoelekea mjini, mpaka upande wa mjini kina chake kinapita mita 8. Maji yalipita humo kwa zaidi ya miaka 1,000. Handaki bado lipo. Unaweza kuingia na kutembea.

Herodotus analihesabu handaki hili miongoni mwa kazi tatu kubwa za Samos, pamoja na ukuta wa mawe uliojengwa baharini kuzuia mawimbi bandarini, na hekalu la Hera, kubwa kuliko yote aliyoyaona. Hakusema moja kwa moja kwamba ni kazi za Polycrates, ila wataalamu wengi wanaziweka, zote au sehemu, katika zama zake. Mwanafalsafa Aristotle anazitaja waziwazi kuwa za Polycrates, na anazitaja kwa ubaya. Kwake zimo katika orodha ya mbinu za watawala wa mabavu: wape raia ujenzi mkubwa, wachoke, wafukarike, wasipate nafasi ya kukaa wakapanga. Mimi nakubaliana naye nusu. Mama aliyekuwa akiteka maji kwenye bomba la mjini sidhani kama alimwuliza Eupalinos juu ya nia ya aliyemlipa.

Polycrates alikuwa na rafiki mkubwa, Amasis, mfalme wa Misri. Kwa mujibu wa Herodotus, Amasis aliona mambo ya mwenzake yanamnyokea mno, akamwandikia barua. Akasema nafurahi kusikia rafiki yangu anafanikiwa, lakini bahati yako hii hainipendezi, maana miungu ina wivu, na sijapata kusikia mtu aliyefanikiwa katika kila jambo ambaye mwisho wake haukuwa mbaya. Tafuta kitu ambacho ukikikosa roho itakuuma, ukitupe pasionekane tena.

Polycrates akafikiri, akaona hakuna kitakachomuuma kama pete yake ya muhuri, zumaridi iliyopachikwa kwenye dhahabu, kazi ya fundi Theodoros wa Samos. Akapanda merikebu na watu wake, wakafika mbali na nchi kavu, akaitupa mbele ya macho yao, akarudi nyumbani kuomboleza. Siku ya tano au ya sita mvuvi akapata samaki mkubwa, akaona huyu si wa sokoni, ni wa kumpelekea mtawala. Wakampasua jikoni. Pete hiyo.

Sisi wa pwani hadithi hii tunaizoea kabla hatujaisikia, kwa sababu tulihadithiwa pete ya Nabii Suleiman ilivyotupwa baharini, samaki akaimeza, nabii akaipata tena tumboni mwa samaki. Lakini angalieni tofauti. Suleiman pete iliporudi, ufalme wake ulirudi nayo, watu wakashangilia. Polycrates pete iliporudi, Amasis aliposikia alituma mjumbe kuvunja urafiki. Hakutaka kumlilia rafiki siku msiba utakapokuja. Samaki yule yule, habari mbili.

Nitawaambia ninavyodhani mimi. Amasis na Polycrates waliachana kwa sababu ya siasa. Waajemi walikuwa wanajiandaa kuivamia Misri, na kweli mwaka 525 KK mfalme wao Cambyses aliiteka. Polycrates alipima mizani, akaona Misri imepungua uzito, akahama. Pete ni namna ya Herodotus ya kulisema hilo kwa uzuri. Karne nyingi baadaye, huko Roma, walikuwa wakionyesha jiwe hekaluni wakisema ndilo lile la pete. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyeliandika, anaeleza kwamba halikuwa hata zumaridi. Ni jiwe la aina nyingine. Wageni walilitazama tu.

Na kuhama kwake kwenda kwa Waajemi kulikuwa na kitendo kimoja kichafu kuliko vyote. Alimtumia Cambyses ujumbe wa siri: niombe merikebu za kukusaidia vita vya Misri. Cambyses akaomba. Polycrates akatoa merikebu 40 za vita, akazijaza raia wake aliowashuku kwamba watamwasi, na akamwagiza Cambyses asiwarudishe. Mnaona? Kwa msafara mmoja amelipa deni la urafiki mpya na amewaondoa wapinzani bila kumchinja hata mmoja. Waliobaki nyumbani wakianza kupata mawazo, alikuwa na dawa yao: wake na watoto wa raia aliwafungia katika mabanda ya merikebu, tayari kuwachoma humo pamoja na mabanda, endapo wanaume wao watawafungulia mlango waliorudi.

Maana waliorudi walikuwapo. Wale watu wa merikebu 40 waliishtukia njama njiani, wakageuza. Wakampiga baharini, wakashindwa nchi kavu, wakakimbilia Sparta, mji wa Kigiriki wenye askari hodari, kuomba msaada. Hapa pana kichekesho. Wasparta hawakupenda maneno mengi. Wasamos wakasimama wakahutubia, ndefu, kama hii yangu. Wasparta wakajibu kwamba mwanzo wameusahau na mwisho hawakuuelewa. Safari ya pili Wasamos walikuja na mfuko mtupu, wakasema tu: mfuko unataka unga. Wasparta wakawaambia kwamba hata neno "mfuko" lilikuwa la ziada. Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Nimeelewa.

Wasparta walikuja, wakauzingira mji siku 40, wakashindwa, wakarudi kwao. Wawili tu, Archias na Lycopas, walipenya mpaka ndani ya mji wakiwafukuza waliokimbia, wakafia humo. Herodotus alionana na mjukuu wa Archias huyo, naye akiitwa Archias, na bado alikuwa akijivunia kwamba Wasamos walimzika babu yake kwa heshima. Habari za namna hii zinanifanya nimwamini mzee Herodotus hata pale anaponichosha.

Kwa nini Wasparta waliondoka? Palikuwa na uvumi kwamba Polycrates aliwahonga kwa sarafu za madini ya risasi zilizopakwa dhahabu. Dhahabu juu, risasi ndani. Herodotus anasema uvumi huo ni upuuzi. Huenda. Lakini uvumi humchagua mtu anayemfaa, na huu ulimkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo.

Basi. Hapa yuko juu kabisa. Herodotus anasema ndiye Mgiriki wa kwanza, ukiacha wale wa hadithi za kale, aliyepanga kuitawala bahari yote. Amemshinda kila aliyemjaribu. Upande wa pili wa ule mlango wa bahari, huko Sardi, alikaa liwali wa Waajemi aitwaye Oroetes.

Oroetes alikuwa na kinyongo. Wengine walisema liwali mwenzake, Mitrobates, alimcheka: wewe mwanamume gani, kisiwa kiko mbele ya pua yako, mwenyeji mmoja amekinyakua kwa watu 15, wewe umeshindwa kukiunganisha na nchi ya mfalme? Wengine walisema Oroetes alituma mjumbe Samos, akamkuta Polycrates amejilaza ukumbini pamoja na Anacreon, uso ameuelekeza ukutani. Mjumbe akasema aliyotumwa. Polycrates hakugeuka wala hakujibu. Sina la kuchagua kati ya habari hizo mbili. Dharau zote mbili zinatosha kuua.

Oroetes hakuleta merikebu. Alikuwa ameona Wasparta walikoishia. Alileta barua, na barua hiyo vijana muisome siku moja, maana ni kazi ya fundi. Akaandika: nasikia una mipango mikubwa, lakini fedha zako hazilingani na mipango yako. Mimi nami nina shida, Cambyses anataka kuniua. Njoo unichukue, mimi na mali yangu. Mali tutagawana. Ukiwa nayo utaitawala Ugiriki yote. Kama huamini kuhusu mali, mtume mtu wako unayemwamini kuliko wote, nitamwonyesha.

Miaka yote Polycrates ndiye aliyekuwa akiingia nyumba za watu na kuona walichopungukiwa. Sasa mtu wa ng'ambo ameingia yake.

Akamtuma karani wake, Maeandrius. Oroetes akajaza masanduku 8 mawe, akabakiza nafasi ndogo juu kabisa, akatandaza dhahabu, akayafunga. Karani akatazama, akaona dhahabu, akarudi kutoa taarifa. Hakutia mkono. Nimewahi kufanya kazi ya kuhesabu vifaa vya ofisi moja, na nawaambieni kwamba hakuna mkaguzi duniani asiyemjua Maeandrius.

Mtu anayesemwa kwamba aliwahonga Wasparta kwa dhahabu ya juujuu ndiye aliyeamini dhahabu ya juujuu.

Waaguzi walimkataza asiende. Marafiki walimkataza. Binti yake aliota ndoto: baba yuko hewani, Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, anamwosha, jua linampaka mafuta. Akamsihi, akamfuata mpaka merikebuni akitamka maneno ya mkosi. Baba akakasirika, akamwambia nikirudi salama utakaa siku nyingi bila kuolewa. Binti akajibu na iwe hivyo. Bora nikae bila mume siku nyingi kuliko nikose baba. Katika habari zote za Polycrates, huyu ndiye mtu pekee ambaye maneno yake hayana bei ndani yake. Jina lake Herodotus hakuliandika.

Akaenda, na daktari Democedes akiwa miongoni mwa wafuasi wake. Walipofika Magnesia, Oroetes alimuua kwa namna ambayo Herodotus, mtu asiyeogopa kusimulia mauaji, anakataa kuieleza. Kisha akauangika mwili. Ilikuwa karibu mwaka 522 KK. Mvua iliponyesha, Zeus akamwosha. Jua lilipowaka, mwili ukatoa majimaji yake, na hayo ndiyo mafuta. Wasamos waliofuatana naye Oroetes aliwaachia, akawaambia wamshukuru kwa uhuru wao. Wageni na watumwa akawashika wakawa mateka wake. Daktari wa talanta 2 kwa mwaka akajikuta kwenye minyororo, mpaka siku Dario, mfalme mpya wa Uajemi, alipoteguka mguu akahitaji mtu wa kuunyoosha. Oroetes naye hakudumu: Dario alituma mtu na barua zenye muhuri wa kifalme, zikasomwa mbele ya walinzi wa liwali, moja moja, ya mwisho ikawaamuru wamuue. Wakamuua.

Nyumbani Samos utawala ulibaki mikononi mwa karani. Na Maeandrius alitaka kutenda mema. Alijenga madhabahu ya Zeus Mkombozi, akaita mkutano, akasema hakuwahi kupenda mtu mmoja awatawale watu walio sawa naye, na kwamba sasa wote ni sawa mbele ya sheria. Aliomba vitu viwili: talanta 6 kutoka mali ya marehemu, na ukuhani wa Zeus huyo kwake na kwa uzao wake. Akasimama mtu mmoja mkubwa wa mji, Telesarchus, akamwambia hustahili kututawala, wewe mtu duni. Toa hesabu ya fedha ulizozishika. Maeandrius akaona kumbe akiuachia utawala ataushika mwingine. Akapanda ngomeni, akawaita wakubwa mmoja mmoja kana kwamba anawaonyesha hesabu, akawafunga. Alipougua, ndugu yake aliwaua wote. Herodotus anasema, inaonekana hawakutaka kuwa huru. Maneno makali, mimi ningewahurumia kidogo zaidi. Watu waliozoea kila zawadi kuwa na mtego, ukiwaletea uhuru watauliza risiti.

Sasa kiatu cha pili. Syloson.

Yule ndugu mdogo aliyefukuzwa alikuwako Misri wakati wa vita vya Cambyses, akitembea sokoni Memphis amevaa joho jekundu la kung'aa. Askari mmoja wa Kiajemi akalipenda, akataka kulinunua. Syloson akasema siuzi kwa bei yoyote, ila kama ni lazima ulipate, nakupa bure. Baadaye akajilaumu kwamba joho limempotea kwa ujinga. Askari yule alikuwa Dario. Alipokuwa mfalme, Syloson akaenda akaketi mlangoni pa jumba lake, akasema mimi ni mfadhili wa mfalme. Dario akamkumbuka, akataka kumpa dhahabu na fedha bila kipimo. Syloson akakataa. Akasema, nirudishie Samos yangu, bila kumwaga damu wala kumtia mtu utumwani.

Dario akamtuma mkuu wa Kiajemi aitwaye Otanes na jeshi, kwa masharti hayo hayo. Maeandrius akakubali kuondoka kwa amani. Lakini alikuwa na ndugu mwingine, Charilaus, mwenye akili zisizotulia, aliyefungiwa shimoni. Huyu akachungulia, akawaona wakubwa wa Kiajemi wameketi kwa utulivu, akapiga kelele kumtukana kaka yake kwa woga, akapewa askari wa kukodi, akawashukia wale waliodhani mambo yamekwisha. Waajemi wakubwa wakauawa. Maeandrius akatoroka kwa njia ya siri ya chini ya ardhi kutoka ngomeni mpaka baharini, na vikombe vya dhahabu na fedha akavibeba. Alikwenda navyo Sparta kujaribu kumnunua mfalme Cleomenes. Akafukuzwa na vikombe vyake. Naomba mnikumbushe, kisa hiki tulikianza na vikombe.

Otanes alipoona wenzake wamelala chini, alisahau masharti. Akaamuru wauawe wote watakaopatikana, mkubwa na mtoto, ndani ya hekalu na nje. Kisha akamkabidhi Syloson kisiwa chake kama alivyoahidiwa, hakina mtu. Handaki la Eupalinos, bandari, hekalu kubwa kuliko yote, vyote vipo. Watu hakuna. Wagiriki wakapata methali yao, wakaitumia miaka mingi walipoona mahali patupu: kwa hisani ya Syloson, nafasi ipo tele.

Hivi viti vya nyuma, mwenyekiti, si vya Syloson. Ni mvua tu. Na naona imeanza kupungua, kwa hiyo mwenye swali aulize kabla wa safu za mbele nao hawajaondoka.